Vigae vya Jikoni: Nani Alijenga Kilwa?

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Kilwa Kisiwani na kundi la wanafunzi wa mwaka wa pili. Tulipokuwa tukitembea kandokando ya ufuo, mahali ambapo mvua na maji ya bahari hufukua ardhi kidogo kidogo, mwanafunzi mmoja aliokota vipande viwili vya vyombo vya udongo. Kimoja kilikuwa na rangi ya kijani iliyong'aa, bila shaka kilitoka ng'ambo. Kingine kilikuwa cheusi, chenye masizi, na mistari ya kuchanja karibu na ukingo wake. Alikishika kile cha kijani, akakipangusa kwa kanga yake, akawaonyesha wenzake. Kile cheusi alikitupa. Nilipomuuliza sababu, alijibu bila kusita: "Mwalimu, hiki ni cha kawaida tu, ni cha chungu."

Sikumlaumu. Alikuwa amefanya katika sekunde moja jambo ambalo wataalamu wa akiolojia walilifanya kwa zaidi ya nusu karne. Makala haya yanahusu kigae kile cheusi, na vitabu vilivyokipuuza, na vile vilivyokuja baadaye kukiokota tena. Ni suala la kitaaluma, lakini lina uzito wa kisiasa ambao wengi wetu hatuupimi ipasavyo. Jibu la swali "nani alijenga Kilwa?" limetumika, na bado linatumika, kuamua nani ni mwenyeji wa pwani hii na nani ni mgeni.

Tuanze na majina ya vitabu, kwa sababu jina la kitabu cha kitaaluma ni hoja iliyofupishwa. Mwaka 1954 James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi karibu na Malindi mwaka 1948, alichapisha kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mji wa Kiarabu wa Gedi. Mwaka 1974 Neville Chittick alichapisha juzuu mbili kuhusu Kilwa, akauita mji wa Kiislamu wa biashara katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1996 Mark Horton alitoa taarifa ya uchimbaji wake wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, akazungumzia jumuiya ya Waislamu wafanyabiashara. Mwaka 1999 Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, aliandika kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola za Waswahili. Mwaka 2018 Stephanie Wynne-Jones na Adria LaViolette walihariri kitabu kikubwa chenye waandishi wengi, wakakiita Ulimwengu wa Waswahili.

Msomaji atazame mwendo wa majina hayo: kwanza Waarabu, kisha Waislamu, hatimaye Waswahili. Kuta ni zile zile. Matumbawe ni yale yale. Kilichobadilika ni macho ya anayetazama, na aina ya ushahidi anaoukubali kuwa ushahidi.

Ni haki kusema kwamba Chittick hakuwa mzembe. Alikuwa mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika, akaja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Waingereza ya utafiti wa historia na akiolojia katika Afrika Mashariki. Juzuu zake mbili zina vipimo vya kuta, ramani, michoro, na maelezo ya matabaka ya udongo ambayo hakuna mtafiti wa Kilwa anayeweza kuyakwepa hadi leo. Ni yeye aliyetueleza kwa kina jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali linalotazama bahari, lenye nyua zake na birika la pembe nane, na lenye uhusiano na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jina lake limepatikana hapo. Ni yeye pia aliyeipanga upya tarehe ya nasaba ya Washirazi. Masimulizi ya Kilwa yalikuwa yakisomwa kana kwamba nasaba hiyo ilianza katika karne ya 10. Yeye, kwa ushahidi wa sarafu na matabaka, aliisogeza hadi mwishoni mwa karne ya 12.

Lakini mizani yake iliegemea baharini. Vyombo vya ng'ambo, yaani vya Uajemi, Uarabuni, India na China, ndivyo vilivyompa tarehe, na ndivyo vilivyompa pia simulizi. Vyombo vya udongo vya wenyeji vya tabaka la chini kabisa alivipa jina la vyombo vya jikoni vya zama za mwanzo. Jina hilo si tusi. Ni kweli kwamba vilitumika jikoni. Hata hivyo ni jina linaloweka kitu mahali pake, na jikoni hapakuwa mahali pa kutafutia waanzilishi wa mji. Waanzilishi walitafutwa msikitini, ikuluni na bandarini.

Na hapa ndipo hesabu inapotushangaza. Katika machimbo mengi ya miji ya kale ya pwani, vigae vya ng'ambo kwa kawaida havizidi asilimia chache ya vigae vyote vinavyotolewa ardhini. Vinavyobaki, yaani karibu vyote, ni vyombo vilivyofinyangwa hapa hapa. Tukiandika historia ya mji kwa kuzingatia vile vichache vinavyong'aa, tutakuwa tunaandika historia ya kabati la mgeni rasmi na kuiacha historia ya nyumba.

Katika miaka ya 1980 na 1990 kizazi kingine cha watafiti kiligeukia lile fungu kubwa. Mark Horton aliyaita mapokeo ya ufinyanzi huo kwa jina la mto Tana. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kilichochapishwa Uppsala nchini Sweden, aliyaita kwa kuzingatia mchoro wake, yaani pembetatu zilizochanjwa karibu na shingo ya chungu. Majina mawili yalizua ubishi, kama ilivyo desturi ya wasomi, lakini jambo la msingi halikuwa na ubishi mkubwa: vyungu hivyo vya takriban karne ya 6 au 7 hadi ya 10 havipatikani pwani peke yake. Vinapatikana pia bara, mbali na bahari, katika vijiji vya wakulima na wafua chuma ambavyo kamwe havikuwa na msikiti wala jumba la mawe. Chami alikwenda mbali zaidi, akaonyesha kwamba ufinyanzi huo una mizizi katika ule wa jamii za wakulima wa zama za awali za chuma zilizoishi hapa karne kadhaa kabla. Baadhi ya hoja zake za baadaye, hasa kuhusu mawasiliano ya kale sana kati ya pwani yetu na ulimwengu wa Mediteranea, zimepingwa na wenzake. Lakini hoja ya mwendelezo wa ufinyanzi imesimama.

Wakati huo huo wanaisimu walikuwa wakifika mahali pale pale kwa njia nyingine. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na lugha za Komoro. Maneno mengi ya Kiarabu tuliyonayo yaliingia katika lugha iliyokwisha kuwapo, yenye sarufi yake na ngeli zake. Kwa maneno mengine, chungu na sarufi vilitoa ushahidi mmoja bila kushauriana.

Kisha ikaja Shanga. Chini ya mabaki ya Msikiti wa Ijumaa, Horton alikuta si msikiti mmoja bali mfululizo wa misikiti, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti, ya karne ya 8. Baadaye likaja jengo la matumbawe yaliyochongwa kutoka baharini, na hatimaye msikiti mkubwa wa mawe ambao magofu yake yanaonekana. Umuhimu wa jambo hili hauko katika ukale wake peke yake. Dhana ya zamani ilikuwa kwamba wageni walishuka kutoka katika jahazi wakiwa na ramani ya mji wa mawe mkononi. Shanga ilionyesha kijiji cha miti na udongo, chenye vyungu vya wenyeji, ambamo Uislamu uliingia mapema na kukua pamoja na kijiji, kizazi baada ya kizazi, mpaka kijiji kikawa mji.

Kwa nini nasema kwamba jambo hili lina uzito wa kisiasa? Kwa sababu utawala wa kikoloni uliwagawa watu wa pwani hii katika mafungu ya kisheria ya wenyeji na wasio wenyeji, na fungu uliloandikiwa liliamua kodi utakayolipa na mahakama utakayosimama. Ikiwa mji umejengwa na wageni, basi mwenye asili ya ugeni ni bora kuliko jirani yake. Na Mwafrika hana historia ya mji, ana historia ya shamba tu. Watu waliishi ndani ya mafungu hayo, wakayapigania, wakayaamini. Wakati wa kupigania uhuru na baada yake, upande wa shilingi uligeuka: kile kilichokuwa fahari kikawa mashaka. Mtu wa Lamu au wa Mombasa aliyejivunia nasaba ya ng'ambo chini ya mkoloni, mjukuu wake akaulizwa mbele ya meza ya ofisi asili yake ni wapi hasa.

Hakuna mfano ulio na kinaya zaidi kuliko Zanzibar. Mwaka 1957 kiliundwa chama cha Afro-Shirazi. Neno Shirazi linatokana na jina la mji wa Uajemi. Lakini katika siasa za visiwa, kujiita Mshirazi kulikuwa ni kudai uenyeji wa asili, mbele ya Mwarabu mtawala na mbele ya mtu aliyetoka bara. Jina la ugeni lilikuwa limekuwa hati ya uenyeji. Wanahistoria wengi wa miaka ya 1980, nami nilisoma na kufundisha kwa kuwafuata, waliona hapo ushahidi kwamba Ushirazi ni simulizi ya heshima tu: namna ambavyo koo za pwani zilijipatia ukubwa, bila kuwa na Mwajemi yeyote wa kweli nyuma yake.

Na hapa lazima nikiri jambo. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara. Kusimba alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Matokeo hayakumpendelea yeyote. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka kwa Waafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, na sehemu hiyo ya Asia kwa zama za awali ilikuwa zaidi ya Uajemi, na ilikuja zaidi kupitia wanaume. Kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Urithi wa Uarabuni uliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500 hivi.

Ilinibidi nirudi darasani na kusahihisha maneno yangu. Masimulizi ya wazee wa Kilwa, ambayo sisi wasomi tuliyaita hadithi za kujitukuza, yalikuwa yamehifadhi kumbukumbu ya jambo lililotokea. Kumbuka jinsi masimulizi yenyewe yanavyoeleza: Ali bin al-Hasan hakuitwaa Kilwa kwa upanga, aliipata kutoka kwa mwenyeji wake kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa. Tulikicheka kisa hicho cha nguo. Lakini ndani yake kuna mwenyeji aliyekuwapo, kuna mgeni aliyekuja na bidhaa, na kuna mapatano. Ukikisoma pamoja na vyungu na vinasaba, si kisa kibaya cha kuanzia.

Lakini tusikimbilie upande wa pili kwa kasi ile ile. Watu 80 si taifa. Wengi wao walizikwa katika makaburi ya heshima, karibu na misikiti, na hivyo wanatueleza zaidi kuhusu koo za wenye mali kuliko kuhusu mvuvi, mkulima au mtumwa. Na vinasaba havijengi nyumba. Havitwambii watu walizungumza lugha gani, walipika nini, walijiita nani. Hayo tunaulizia kwingine, na jibu la kwingine linajulikana: walizungumza Kiswahili, walipikia vyungu vya hapa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliwaona wakazi wake wengi kuwa watu weusi wa nchi ya Zanji, chini ya sultani Mwislamu ambaye alimsifu kwa ukarimu. Hakuona hitilafu yoyote katika jambo hilo. Hitilafu tumeiona sisi, tuliorithi mafungu ya mkoloni.

Sasa turudi kwenye jikoni. Ikiwa baba za baadhi ya koo walitoka ng'ambo na mama walikuwa wa hapa, na ikiwa watoto wao walikua wakizungumza lugha ya Kibantu na kula kutoka katika vyungu vyenye michoro ya wafinyanzi wa pwani na bara, basi ni nani aliyeubeba utamaduni wa mji ule? Baba walileta jina na mtandao wa biashara. Mama walileta lugha, ndugu, ardhi na chungu. Kile ambacho Chittick alikiita chombo cha jikoni kilikuwa alama ya wanawake ambao hawakutajwa katika orodha yoyote ya masultani.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni matatizo ya pwani peke yake. Sivyo. Kilwa iliishi kwa dhahabu iliyopita Sofala, na dhahabu hiyo ilitoka katika nyanda za Zimbabwe. Sarafu ya Kilwa yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana huko huko Zimbabwe Kuu. Na huko nako kulikuwa na vita vya vitabu. Mwaka 1906 David Randall-MacIver aliandika kwamba majengo yale ni ya Waafrika na ni ya zama za kati. Mwaka 1931 Gertrude Caton-Thompson, baada ya uchimbaji wa mwaka 1929, alithibitisha hivyo hivyo. Pamoja na hayo walowezi waliendelea kuzungumzia Wafoinike na Malkia wa Sheba, na serikali ya Rhodesia ya wachache ikawashinikiza watumishi wake wasiseme wazi kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale wa serikali hiyo na ambaye mwaka 1966 alikuwa ameandika kitabu kuhusu majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani yetu, aliondoka nchini. Kitabu chake kuhusu Zimbabwe Kuu kikatoka mwaka 1973. Miaka saba baadaye nchi nzima ilichukua jina la magofu yale. Ushahidi ulikuwapo tangu 1906. Uliochelewa ni uwezo wa watu kuupata na kuutumia.

Uwezo huo ndio unaonisumbua ninapotazama hali yetu. Vitabu vyote nilivyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza. Vingi vilichapishwa ughaibuni, na bei yake inamshinda mwalimu wa sekondari. Niliwahi kuziulizia juzuu za Chittick katika maktaba moja nikaambiwa zipo, ila zimefungiwa na mwenye ufunguo yuko safarini. Mkazi wa Kilwa Kisiwani, ambaye babu yake huenda alibeba karai la udongo kwa ujira wa kibarua katika machimbo yale, hawezi kusoma kilichotoka ndani ya kisiwa chake. Anachokijua kuhusu magofu anakipata kwa mwongoza watalii, ambaye naye anarudia jibu lile lile la darasani: yalijengwa na Waarabu.

Nawaambia wanafunzi: someni taarifa za uchimbaji zenyewe, msiishie kwenye muhtasari. Fungueni kurasa za mwisho, kwenye majedwali ya vigae. Huko ndiko mwandishi hutoa ushahidi ambao pengine hata hoja yake mwenyewe haikuutumia. Tasnifu moja ya Kiswahili inayofafanua matokeo hayo kwa lugha safi ina faida kubwa kuliko kumi zinazorudia nadharia za wengine.

Nawaambia wanaharakati: msijenge haki ya mtu juu ya nasaba yake. Kila ushahidi wa nasaba utakaoutumia leo kumtetea jirani yako, kesho mwingine atautumia kumfukuza. Mswahili si raia kwa sababu vinasaba vyake ni vya Kiafrika kwa kiasi fulani. Ni raia kwa sababu hapa ni kwao, na sheria inapaswa kusema hivyo bila kupima damu.

Nawaambia watumishi wa umma: Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya uhifadhi. Gedi imeingia katika orodha hiyo mwaka 2024. Kuta zimeshikiliwa, ni jambo la kushukuru. Lakini sharti la kibali cha utafiti linaweza pia kumtaka mtafiti aache kijitabu cha Kiswahili katika kijiji alichochimba, na aeleze vigae alivyovichukua vimehifadhiwa wapi. Hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji aya moja katika fomu.

Siku ile kisiwani, nilimwomba yule mwanafunzi akirudishe kigae cha kijani pale alipokiokota, kwa kuwa sheria inakataza kuviondoa, na kwa kuwa kigae kilichoondolewa mahali pake hupoteza nusu ya maneno yake. Alikirudisha. Kisha, bila kuambiwa, akaanza kuinama huku na huku, akikitafuta kile cheusi. Ilimchukua dakika kumi hivi. Alipokipata, alikigeuza mkononi, akaitazama mistari ya kuchanja, akaniuliza: "Mwalimu, huyu aliyechora hapa alikuwa nani?"

Hilo lilikuwa swali bora kuliko langu.